Tangu Nilipoacha Sauti za Kiwandani

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye kinanda. Anayenijua kati ya Bweni na Mkwaja ananijua kwa kinanda: cha harusi, cha kumtoa mwali, cha mahafali ya darasa la saba, cha wageni wa hoteli za ufukweni kule Ushongo. Kilikuja na mamia ya toni na midundo iliyopangwa kiwandani, na ufundi wangu ulikuwa kujua upesi namba ipi ya kubonyeza. Ikitakiwa taarabu, nilibonyeza mdundo ulioandikwa kuwa ni wa Kiarabu. Ikitakiwa ngoma ya kwetu, nilibonyeza ulioandikwa Afrika, na kilichotoka ni konga za Kuba na kengele moja kali. Watu walicheza, wenye shughuli walilipa, nami nilirudi kijijini kwetu Mwera na ahadi ya shughuli nyingine.

Ninachokishuhudia hapa ni yaliyonipata tangu iliponifikia mashine ya pedi kumi na sita, na namna ilivyonitoa katika kuchagua sauti ikanitia katika kuzitafuta.

Mashine ilitoka Maskati. Mtoto wa mjomba wangu anayefanya kazi huko aliinunua ikiwa imeshatumika, akaifunga ndani ya blanketi, ikaja Tanga na jamaa aliyekuwa anarudi likizo, ikavuka mto Pangani kwa kivuko. Ni sampla, MPC1000 ya kampuni ya Akai, toleo lililotoka 2003. Ukoo wake unaanzia MPC60 ya 1988, ambayo Akai ya Japani iliitengeneza pamoja na Mmarekani Roger Linn. Huyo Linn ndiye aliyetangulia kutoa LM-1 mwaka 1980, mashine ya kwanza ya midundo iliyotumia sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye ngoma halisi. Kabla yake mashine za namna hiyo zilikuwa zinaiga ngoma kwa mitetemo ya umeme.

Wapiga kinanda wenzangu wengi hawajawahi kuishika sampla, kwa hiyo nieleze kidogo. Kinanda kinakuja na sauti zake. Sampla inangoja uilishe. Unanasa sauti kwa maiki, unaikata, unaipa jina, unaipangia pedi, kisha unaamua ukiigusa pedi ile sauti itoke vipi: kwa nguvu gani, kwa muda gani, kwa kimo gani, cha juu au cha chini. Mpangilio mzima wa pedi na sauti zake unaitwa programu, na programu moja ina benki nne za pedi kumi na sita, yaani nafasi 64. Kadi iliyokuja na mashine yangu ilikuwa tupu. Niliziwasha spika, nikazigusa pedi moja baada ya nyingine, pakawa kimya. Binamu yangu akaniambia kwa simu kwamba ziko sauti nyingi za kununua na nyingine za bure, angenitumia. Nikamwomba asubiri.

Kwa nini asubiri? Kwa sababu ya mahali ninapoishi. Mwera si kijiji cha ngoma moja. Wenyewe ni Wazigua, na majirani zao Wabondei na Waswahili wa pwani, wenye selo na mdumange na ngoma za harusi zao. Lakini ardhi yetu ni ardhi ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapa hapa ng'ambo yetu ya mto. Kutokana na ile 62 likatokea zao lililoitikisa Tanganyika nzima, na mashamba yakahitaji watu. Wakaja manamba: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na Wamakua kutoka upande wa Msumbiji, na wengine ambao wajukuu zao leo ukiwauliza kwao wapi watakujibu Mwera. Kila kambi ilikuwa na ngoma yake Jumamosi jioni. Mengi yamekwisha. Yaliyobaki yamo mikononi mwa wazee wachache, na baadhi ya ngoma zenyewe zimeliwa na mchwa katika vibanda vya uani. Kuijaza mashine ya namna ile sauti za mtu wa mbali, nikiwa nimeketi mahali hapa, moyo ulinikatalia.

Nikaenda kwa babu mmoja anayepiga ngoma ya msondo. Nilimkuta anasuka ungo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo huna kinanda?"

"Leo nimekuja na chombo cha kunasia. Nataka kuunasa msondo wako, pigo moja moja, niuweke humu."

Akaitazama mashine, akagusa pedi kwa kidole cha shahada. "Unautaka msondo uliolala au ulioamka?"

Swali hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza la sauti, na tangu hapo sijapata kuuliza jambo lolote la ngoma bila kulikumbuka. Ngozi ya ngoma hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina maji mengi. Ngozi iliyolegea inatoa sauti ya chini, butu, isiyo na mlio wa nyuma. Ukiipasha moto wa makuti makavu inakaza, kimo kinapanda, na pigo la ukingoni linapasua hewa. Kisha, tangu ulipoiondoa motoni, inaanza kulegea tena taratibu. Kwa mpigaji hilo si tatizo, mikono yake inaifuata ngoma inavyoshuka. Kwa mwenye kunasa pigo moja moja ni jambo la kuamua: pigo la kwanza na la mwisho hayatakuwa na kimo kimoja, na ukiyapanga kwenye pedi jirani utasikia ngoma mbili badala ya moja. Tukakubaliana kwamba moto uwe karibu, na baada ya kila mapigo machache msondo unarudi motoni, babu anaugonga na kuusikiliza mpaka aridhike, ndipo tunaendelea. Sikutumia kipimo chochote cha kimo siku zile. Nilitumia sikio lake.

Tulirekodi baada ya sala ya alfajiri, kabla ya bodaboda kuanza kupita na kabla upepo wa bahari haujaamka. Chumba kilikuwa cha udongo, nacho kwa kunasa sauti ni kizuri kuliko nyumba ya matofali na bati, kwa kuwa ukuta wa udongo hauirudishi sauti kwa ukali. Tukatundika kanga na mablanketi upande wa dirisha. Maiki niliiweka mbali kidogo na ngozi, ikitazama katikati ya nusu ya mkono wa kulia. Kiwango cha kuingia nilikishusha hadi pigo kali kuliko yote la babu likabakiza nafasi juu. Sauti ikishapasuka wakati wa kunasa, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Kisha tukaanza. Pigo la katikati ya ngozi, dogo, la wastani, kubwa. Pigo la ukingoni, dogo, la wastani, kubwa. Pigo la kiganja kilichobaki juu ya ngozi. Pigo la ncha za vidole. Pigo la mkono wa kushoto ukiwa umebana huku wa kulia ukigonga. Mashine hii hupima nguvu ya kidole kwa namba zinazoishia 127, na pedi moja inabeba hadi sauti nne, kila moja na eneo lake la nguvu. Kwa hiyo ukigusa polepole inajibu kwa pigo dogo la kweli la babu, ukigusa kwa nguvu inajibu kwa pigo lake kubwa. Watengenezaji wengi wa sauti huchukua pigo moja tu wakalipunguza au kulipandisha ukubwa. Sikio la mtu wa ngoma halidanganyiki na hilo. Pigo dogo lina rangi nyingine kabisa, lina ngozi nyingi na kuni kidogo.

Kazi ya kukata niliifanya nyumbani, usiku, kwa visikizi. Kila sauti ina kichwa na mkia. Kichwani, ukibakiza kimya hata kidogo sana, pedi itachelewa kujibu na mpigaji atahisi mashine ni nzito bila kujua kwa nini. Ukikata kupita kiasi unaondoa ule mguso wa kwanza wa kiganja, ambao ndio unaomwambia msikilizaji kuwa hapa pana mtu. Mkiani ni hukumu nyingine. Vumi, ngoma yetu kubwa, linaendelea kunguruma muda mrefu baada ya kugongwa, na nafasi ya mashine ina mwisho. Sekunde moja ya sauti ya upande mmoja inakula takriban kilobaiti 88. Mashine yangu imeongezwa kumbukumbu hadi megabaiti 128, ambazo ni mwisho wake, nazo zinatosha dakika 24 hivi. Zinaonekana nyingi. Hesabu sasa misondo, mavumi, machapuo, kila moja na mapigo yake, kila pigo na nguvu zake tatu, na zumari inayoshikilia sauti kwa pumzi nzima, utajua kwa nini nilikuwa nalala saa nane za usiku nikibishana na mkia wa vumi. Vumi nililiachia mkia wake wote. Nilipunguza kwenye manyanga, ambayo hayahitaji.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa mpangilio wa pedi. Nilikuwa nimezipanga kama nilivyoona katika picha za studio za Dar es Salaam: pigo zito kona ya chini kushoto, kali pembeni yake, vidogo vidogo juu. Babu alipokuja kusikiliza aliketi, akaweka mikono miwili juu ya pedi kama anavyoiweka juu ya ngozi, akapiga, akasimama. Alichokitegemea hakikuwa pale. Alipogusa katikati, palilia kayamba. Alipogusa pembeni, palilia pigo la katikati.

"Katikati yake iko wapi?" akaniuliza.

Nikaipanga upya benki ya kwanza kwa swali hilo. Pedi nne za ndani, yaani ya 6, ya 7, ya 10 na ya 11, zikawa katikati ya ngozi. Kumi na mbili za pembeni zikawa ukingo. Upande wa kulia yakakaa mapigo ya wazi, upande wa kushoto yakakaa mapigo ya kubana, kwa sababu ndivyo mikono yake inavyogawana kazi. Ikabaki kuifanya mashine ielewe kwamba mkono wa kushoto ukibana, mlio ulioanzishwa na wa kulia unakatika. Mashine ina kitu cha kazi hiyo hiyo: unaziweka sauti mbili katika kundi moja la kunyamazishana, na ikilia hii, ile inazimwa. Waliitengeneza kwa ajili ya matoazi ya dramu, kwamba yakifungwa mlio wa wazi ukatike. Kwenye msondo inakaa kana kwamba iliumbwa kwa ajili yake. Babu alipobana kwa kushoto na mlio ukakatika chini ya kidole, alicheka, akarudia, akarudia tena, kisha akaacha kunizungumzia mimi akaanza kupiga.

Kuanzia hapo programu ile ina jina, Mwera 1. Benki ya pili ni vumi na chapuo. Ya tatu ni upatu, kayamba, manyanga na njuga. Ya nne niliitenga kwa zumari na kwa vigelegele vya akina mama wa mtaani kwetu, waliojipanga uani wakapiga mmoja mmoja, na kila mmoja akataka asikilize chake kabla sijaondoka.

Zumari ilinitoa jasho. Sampla inaweza kuchukua sauti moja na kuipandisha au kuishusha nusu-toni kwa nusu-toni, na kwa kinanda cha kawaida mtu angenasa sauti moja akaitawanya. Lakini ukiishusha sauti, unaipunguzia na mwendo: pumzi inakuwa ndefu isivyo kawaida, na mtetemo wa ulimi wa zumari unageuka kuwa mkoromo. Halafu vimo vya zumari yetu havilingani na vya kinanda. Kuna sauti moja inayokaa kati ya funguo mbili, na mpigaji wetu akiifikia anaishikilia, anaipenda. Kiwandani hawakuiweka. Nikainasa kila sauti peke yake, kwa kimo chake, bila kuinyoosha. Pedi zile nimezipanga zilie kwa muda kidole kinapokaa tu, tofauti na za ngoma ambazo ukigusa mara moja zinakwenda mpaka mwisho. Siku hizi nikipiga na kinanda cha mtu mwingine nalazimika kukwepa ule ufunguo unaogombana na zumari. Nakwepa kwa raha.

Likaja suala la mwendo. Mashine hizi zina uwezo wa kuyanyoosha mapigo: ukipiga mbele au nyuma kidogo, inayasogeza hadi kwenye mstari. Studio wanaita kwantaizi. Linn aliweka pia kiasi cha kuyayumbisha kwa asilimia, kutoka 50 ambapo mapigo yako sawa kabisa, kwenda juu hadi 75. Nilipita asilimia zote nikimtafuta babu, simpati. Sababu niliijua nilipoyatazama mapigo yake kwenye kioo cha mashine: chapuo linakwenda sawa muda wote, lakini msondo unachelewa mwanzo wa fungu, unafika sawa katikati, na unawahi pale unapowaita wachezaji. Hakuna asilimia moja inayobeba hayo. Nikaizima kwantaizi kwa msondo, nikaiacha kwa upatu peke yake. Baadaye nilisoma habari za mtayarishaji wa midundo J Dilla wa Detroit, aliyefariki 2006, ambaye MPC3000 yake imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi mjini Washington. Naye alisifika kwa kuyaacha mapigo yake yatembee nje ya mstari. Nilifurahi kumjua. Lakini mimi nilikuwa nimeshafundishwa jambo hilo Mwera, na mtu asiyejua kuwasha mashine.

Watu wa Tanga wana historia ya kukipokea chombo cha mbali na kukitia akili ya kwao. Zama za beni, mwambao mzima ulizichukua tarumbeta za kijeshi za Wazungu ukazifanyia mashindano ya mitaa. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club ya Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, ikaibadilisha taarabu ya pwani yote, na mmoja wa waimbaji wake wakubwa, Shakila Saidi, alikuwa mzaliwa wa Pangani, mji ninaouona kutoka Bweni. Dar es Salaam vijana wa mchiriku walivichukua vinanda vidogo vya Casio, vya watoto, wakavipitisha kwenye spika mpaka sauti ikakwaruza, na kundi la Jagwa Music likafika navyo Ulaya. Singeli ikafuata, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, dunia ikausikia. Nawaheshimu sana vijana wale. Wengi wao wamefanya kwa kompyuta kuukuu mambo ambayo studio tajiri hazikuthubutu. Ninachotamani ni kwamba katika mwendo ule wa kasi, ngoma inayosikika iwe na anwani. Msondo ulionaswa Mwera ukipigwa mapigo 200 kwa dakika unabaki msondo wa Mwera. Nimejaribu, na vijana wa Pangani mjini wameucheza.

Si kila kitu nilichokitaka nilikipata, na nataka hili lisomwe kwa makini na mwenye nia ya kufanya kazi kama yangu. Nilipomwendea bibi mmoja, kungwi, kumwomba ngoma ya unyago, alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, akasema hapana. Nikamtajia Bi Kidude wa Unguja, aliyeipeleka ngoma ile majukwaani mpaka Ulaya. Bibi akajibu kwamba Bi Kidude alikuwa kungwi, alijua anachokitoa na anachokibakiza, "na wewe, mwanangu, hujui." Ngoma ile haimo ndani ya mashine yangu wala haitaingia. Vivyo hivyo ngoma za uganga. Benki ya nne ina pedi kadhaa tupu, na nimeziacha hivyo.

Kwa zilizomo, tuna mapatano. Kila programu ina daftari lake: pigo la nani, ngoma ya nani, limenaswa lini, ameruhusu litumike wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua na kuzilinda sanaa za jadi, lakini mapatano yetu hayakungoja sheria. Shughuli ikinilipa kwa Mwera 1, theluthi inakwenda kwa wenye mikono. Yupo rafiki yangu mwenye studio aliyeniona mjinga, kwamba pigo moja la ngoma halina mwenyewe. Nilimwalika aje alfajiri moja aone msondo ukirudishwa motoni na mzee wa miaka sabini na ushei akiukataa mpaka uwe sawa. Alikuja. Sasa naye ana daftari.

Umeme wa kwetu unakatika, na mashine hii ikizimika ghafla inasahau kila ambacho hujakihifadhi kwenye kadi. Ndiyo maana nimefunga betri ya sola, na nikishapanga pedi mbili tatu nahifadhi. Kadi zangu ziko tatu: moja ndani ya mashine, moja kwa binamu Maskati, moja kwa babu, ndani ya kibati anachowekea kadi ya mpiga kura na hati ya shamba. Yeye mwenyewe aliomba ikae humo.

Kuhusu kazi yenyewe: nilipoanza kuipeleka Mwera 1 harusini nilihofia wenye shughuli wangetaka midundo waliyoizoea. Ilikuwa Kipumbwi, harusi ya watu wa bahari. Nilipogusa msondo, mama wa bwana harusi aliacha sahani ya ubwabwa, akaja kusimama mbele ya spika, akauliza ngoma imefichwa wapi. Akamtaja mpigaji. Alikosea jina, alimtaja ndugu yake babu, aliyefariki zamani, aliyejifunza pamoja naye. Wanawake wakaingia uwanjani wakacheza mchezo ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni, wenye miaka hamsini mbele, mabinti wakifuata nyuma wakiwatazama miguu. Miaka yote ya kinanda watu walikuwa wakicheza mbele yangu. Sikuwahi kuwaona wakifundishana.

Na mimi mwenyewe sisikii tena kama nilivyokuwa nikisikia. Nikipita Mwera nasikia vimo. Kinu cha jirani, geti la shamba la mkonge, mvua ikianza juu ya makuti na ikianza juu ya bati. Nimeacha kupiga kinanda kwa sauti ya juu. Naingia kwenye nyumba za wazee na kuketi muda mrefu kabla ya kutoa maiki, mara nyingine siitoi kabisa. Kinanda bado ninacho, kinanilisha mwezi mmoja mmoja. Ila mtu akiniuliza kazi yangu namjibu kuwa mimi ni mnasa ngoma wa Mwera, na babu anajua kuwa ndivyo ninavyojiita.

Mwenye kuiendeleza kazi hii ameshapatikana, na hakutafutwa. Mjukuu wa babu, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa anakuja kunisaidia kuandika majina ya sauti, kwa kuwa mashine haipokei majina marefu na yeye ni hodari wa kufupisha. Akaanza kupiga. Anatumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo mpangilio wote wa babu kwake ulikuwa kinyume: mapigo ya wazi yalikuwa upande wa mkono wake wa kubana. Bila kuniuliza alinakili programu, akazigeuza pedi kushoto kulia, ya 6 na ya 7 zikabadilishana, ya 10 na ya 11 pia, pembeni vivyo hivyo, akaipa jina Mwera 2. Babu alipoisikia aliniambia mtoto anapiga vizuri, nisimsumbue.

Lakini msichana mwenyewe hajaridhika, na hoja yake ni ya kweli. Anasema amezigeuza pedi tu, sauti zilizomo bado ni za mkono wa kulia wa babu. Mkono wake wa kushoto, ukigonga ngozi, una pigo lake, jepesi zaidi ukingoni. Nilisikiliza akipiga msondo wenyewe, mashine yangu ikiwa kando, nikaisikia tofauti. Makuti yamekwisha kukusanywa. Jumamosi baada ya alfajiri msondo unaingia motoni, babu ataushika na kuukataa kama kawaida yake, na nafasi tatu za nguvu kwa kila pigo nimeshazitenga kwa ajili ya msichana yule.